Aliyeiga kwa Watu Sabini na Mmoja

Iko nchi iitwayo Jamhuri ya Mbelembele, na msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake zote ziko mezani kwa mkubwa fulani zikisubiri saini. Ni nchi iliyojaliwa. Viongozi wake wanawapenda wananchi kiasi cha kuwabadilishia kitu kila mwezi wa tatu, ili wasije wakazoea wakachoka.

Mwaka ninaousimulia ulitangazwa redioni kuwa Mwaka wa Usahihi. Wizara ya Elimu na Kasi ilileta Mfumo Unganifu wa Kugawa na Kusahihisha Kazi za Darasani, ambao watu waliuita Mfumo tu, kwa heshima. Mfumo ulikaa ndani ya kishikwambi, na kila shule ilipewa kimoja.

Shule ya Msingi Bondeni Juu ilikipokea chake kwa ngoma na vigelegele. Aliyekileta ni Ndugu Faustini Mkwiche, Mratibu wa Usahihi wa Wilaya, mtu mnene wa maneno, ambaye alikishusha garini kwa mikono miwili kama mtoto wa siku saba.

"Ndugu walimu," alisema, "kalamu nyekundu imestaafu. Kuanzia leo mwalimu hatagawa kazi, kazi itajigawa. Hatasahihisha, kazi itajisahihisha. Mwalimu ataachiwa jukumu kubwa kuliko yote, nalo ni kuwepo."

Walimu walipiga makofi, kisha ndoo ikapitishwa na kila mmoja akatumbukiza kalamu yake nyekundu na kusaini kwamba ametumbukiza kwa hiari. Mwalimu Skolastika, wa darasa la tano, aliishika yake kidogo kabla ya kuitumbukiza. Kwa miaka kumi na tisa alisahihisha madaftari kwa mkono, na kwa kutazama mwandiko tu aliweza kujua ni mtoto gani leo amekuja bila kula. Lakini alisaini kama wenzake.

Waraka ulisema kishikwambi kiwekwe mahali pa heshima. Mwalimu Mkuu, Bwana Lusumbi, alitazama ofisi yake huku na huku, akaona mahali pa heshima ni pamoja tu, kwenye kiti chake. Akakikalisha hapo juu ya kitambaa cha kufuma, mwenyewe akahamia kwenye benchi karibu na mlango. Wageni walioingia walijikuta wakiamkia kiti kwanza.

*

Utaratibu ulikuwa mwepesi, ndivyo alivyoeleza Ndugu Mkwiche. Saa mbili asubuhi Mfumo unatoa maswali. Kila mwanafunzi anajibu kwa kidole chake. Saa sita kamili Mfumo unafunga mlango, unasahihisha, na matokeo yanaruka hadi Wizarani.

Darasa la tano lilikuwa na wanafunzi sabini na wawili. Mtandao nao ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko la shule, tena kwa kusimama na kukiinua kishikwambi kama mtu anayeomba mvua. Mwalimu Skolastika aliwapanga watoto foleni. Mtoto mmoja, kutafuta herufi na kusubiri mtandao urudi, alichukua dakika ishirini. Saa sita ilipogonga walikuwa wamemaliza kumi na wawili. Mfumo ukawaandika wale sitini waliobaki kuwa watoro, ingawa walikuwa wamesimama pale pale kwenye foleni, juani, wakiwa na viatu miguuni. Wazazi wao walipelekewa barua za onyo, na watoto hao hao ndio waliopewa kuzibeba.

Jina la Mwalimu Skolastika likageuka jekundu. Bwana Lusumbi alimwita, akaongea naye kwa sauti ya chini ili kiti kisisikie.

"Mwalimu, jekundu moja wanavumilia. Jekundu la pili ni Kambi ya Kunolewa Upya."

"Huko wanafanya nini, Mkuu?"

"Hatujui. Waliorudi hawajawahi kueleza. Wanatabasamu tu."

Mwalimu Skolastika aliogopa. Hakuna namna ya kulipamba hilo.

Siku iliyofuata alipanda kichuguu peke yake ili awajibie watoto wote yeye mwenyewe. Mfumo ulimkatalia papo hapo, ukaandika: *Jibu hili limezidi umri.* Alijaribu kujifanya mjinga, ukamwambia ujinga wake ni wa mtu mzima. Ndipo akalikumbuka daftari la Nyamizi.

Nyamizi alikuwa msichana wa dawati la mbele, binti wa msuka mikeka, mwenye akili nyepesi na mwandiko unaosomeka hata kwa mbali. Kila asubuhi maswali yalipoandikwa ubaoni, yeye alimaliza kwa dakika kumi. Mwalimu akawa analichukua daftari lake, anapanda nalo kichuguuni, na kujaza majibu yale yale kwa kila jina, dakika tatu kwa kila mtoto, mpaka sabini na wawili wanatimia. Darasani nako hakukuwa na mwalimu, kwa hiyo Nyamizi ndiye aliyeshika chaki akawafundisha wenzake kugawanya kwa njia ndefu. Alifanya hivyo bila kunung'unika, akidhani mwalimu amepanda juu kukagua kazi.

Jambo moja dogo lieleweke hapa. Mwalimu Skolastika alilelewa katika nyumba ambayo mpishi hupakua cha wageni kwanza, na chake anapakua mwisho. Kwa hiyo hata pale kichuguuni, kwa adabu tu, aliwajazia kwanza wale sabini na mmoja, na jina la Nyamizi, mwenye daftari, akaliweka mwisho kabisa. Aliona kwamba angalau kwa hilo amemtendea haki.

*

Bondeni Juu ikang'aa. Mwezi wa kwanza darasa la tano lilipata wastani wa tisini na mbili, na ajabu ni kwamba kila mtoto alipata tisini na mbili. Wizara ilifurahi isiweze kukaa. Gazeti la serikali liliandika kwamba tofauti kati ya mtoto mwerevu na mzito, iliyowasumbua wanafalsafa tangu dunia iumbwe, imefutwa Bondeni Juu. Ndugu Mkwiche alipiga simu kusema jina la Mwalimu Skolastika limependekezwa kwa tuzo ya Mwalimu Kinara.

Yeye alishukuru, akakata simu, akaingia chooni akakaa muda mrefu. Alijiambia ni kwa muda tu, mpaka mtandao utakapotengemaa. Watu wengi wema wa Mbelembele hujiambia hivyo.

Kisha Wizara ikauongezea Mfumo kiungo kipya kilichoitwa Jicho, kwa ajili ya kukamata wanaoigana. Jicho halikuchukua hata siku. Lilianzia kwenye swali la uraia lililouliza: *Ni nani huleta maji kijijini?* Jibu sahihi la Wizara lilikuwa *Serikali*. Watoto wote sabini na wawili wa Bondeni Juu walikuwa wameandika: *Mama na dada yangu Mwajabu.* Jicho likajiuliza inakuwaje darasa zima lina dada mmoja.

Mtu mwingine angefikiri kidogo hapo, pengine angemwita mwalimu. Lakini Jicho lilikuwa na kanuni, iliyopitishwa na kamati ya maprofesa tisa: kazi zikifanana, aliyewasilisha mwisho ndiye mwizi, kwa kuwa wa mbele hawezi kumwiga mtu ambaye hajaandika. Kanuni haikuwa na ufa. Wa mwisho kwenye orodha, siku zote thelathini, alikuwa Nyamizi.

*

Ndugu Mkwiche alikuja na gari mbili. Darasa lilisimamishwa, na Nyamizi akaitwa mbele.

"Binti," alisema Ndugu Mkwiche, "nimefanya kazi serikalini miaka ishirini na sita. Nimeona mtu akiiga kwa jirani yake. Nimeona akiiga kwa majirani wawili. Sijapata kuona mtoto anayeiga kwa watu sabini na mmoja kwa siku moja, tena kila siku. Huo ni wizi wa kiwango cha taifa."

"Shikamoo," alisema Nyamizi, kwa sababu hakujua lingine la kusema.

"Marahaba. Unakana?"

"Mimi nilijibu tu maswali, mzee."

"Wote wanasema hivyo," alisema Ndugu Mkwiche, ingawa Nyamizi alikuwa wa kwanza.

Hukumu ilikuwa tayari imechapwa. Nyamizi arudishwe darasa la kwanza, akaanze uaminifu upya. Angeweza kupanda tena darasa la tano kwa njia moja tu, nayo ni kuandika Insha ya Majuto akieleza kinaga ubaga jinsi alivyoiga, na kupata alama sitini au zaidi. Kazi hiyo ingegawiwa na Mfumo chini ya usimamizi wa mwalimu wake wa darasa. Ana siku thelathini. Zikipita, atabaki darasa la kwanza na kupanda ngazi zote upya.

Mwalimu Skolastika alikuwa amesimama karibu na dirisha. Sentensi ilikuwa imeshafika kwenye meno, ni fupi tu, *nilijaza mimi*. Ndugu Mkwiche akamgeukia akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Mwalimu Kinara. Kulea nyoka darasani si mchezo."

"Asante," alisema Mwalimu Skolastika. Sentensi ikarudi ilikotoka, na alichukia sauti yake mwenyewe iliyosema asante.

Kesho yake alipita nje ya darasa la kwanza. Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kibenchi cha watoto wadogo, magoti yamegusana na kidevu, akiimba pamoja nao a e i o u. Mwalimu alipita haraka akiangalia upande wa bustani.

*

Mama Nyamizi hakujua habari za Mfumo wala Jicho. Alichojua ni kwamba binti yake ameitwa mwizi mbele za watu, na kwao mtu aliyechukua kitu cha mwenzake hupelekwa na mzazi wake mlangoni kwa mwenyewe, akapiga magoti, akaomba radhi. Kwa kuwa waliochukuliwa walikuwa sabini na mmoja, alimshika mkono binti yake wakaenda nyumba sabini na moja. Iliwachukua siku tisa. Mikeka ilisimama. Nyamizi alipiga magoti kwenye kila kizingiti na kumwomba radhi mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kugawanya.

Siku ya kumi walifika kwa Mwalimu Skolastika, alasiri, akianua nguo.

"Hodi, mwalimu."

"Karibuni, mama Nyamizi."

"Hatukai. Tumekuja kwa jambo moja, nawe tumekuweka wa mwisho kwa heshima." Akamgusa binti yake begani.

Nyamizi akapiga magoti kwenye mchanga. Magoti yalikuwa yamechubuka, yale ya mtu aliyekwisha yapiga mara sabini na moja. "Mwalimu, naomba unisamehe. Nimekuaibisha."

Mwalimu Skolastika alikuwa na shuka mikononi. Alitaka kumwinua mtoto, alitaka kuanguka naye pale chini, alitaka ardhi ifanye lolote. Mama alikuwa anamtazama, ametulia, anasubiri jibu linalotolewa siku zote. Na jibu likatoka lenyewe, kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu.

"Nimekusamehe, mwanangu."

Waliondoka wakiwa wamepata nafuu. Yeye alibaki amekumbatia shuka.

*

Insha ya kwanza ya Nyamizi ilipata alama nne. Jicho liliandika: *Majuto hayana maelezo.* Ya pili ilipata tisa: *Mhusika anaonekana hajui alichofanya.* Zilikuwa zimebaki siku tano.

Baada ya masomo Nyamizi alikuja kichuguuni na kalamu yake.

"Mwalimu, wanataka nieleze niliiga vipi. Mimi sijui niliiga vipi. Nimefikiria jana kutwa."

Mwalimu Skolastika alijua kila hatua. Hakuna mtu mwingine katika jamhuri nzima aliyeijua kazi ile kama yeye. Akavuta pumzi, akajiambia kwamba akimsaidia mtoto kupanda darasa, deni litakuwa limepungua kidogo.

"Andika," alisema. "Nilichukua daftari la mtu aliyeniamini."

Nyamizi akaandika.

"Nilipanda nalo mahali ambapo hakuna aliyeniona. Mwanzoni mkono ulitetemeka. Siku ya pili haukutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha, lakini sikuacha. Nilijaza majina ya wengine kwanza, na jina la mwenye daftari nikaliweka mwisho, nikajisifu kwamba nina adabu."

Kalamu ikasimama. Nyamizi hakuinua uso.

"Mwalimu, mwenye daftari ni nani?"

Upepo ulikuwa unapeperusha ukurasa, na mwalimu akaushikilia kwa kidole.

"Andika tu, mwanangu."

Nyamizi alimtazama mara moja, kitambo kidogo, jinsi mtoto anavyomtazama mtu mzima aliyelewa. Kisha akaandika, mpaka mwisho, bila kuuliza tena. Kabla ya kuondoka alimsaidia mwalimu kushuka kichuguu.

Insha ilipata tisini na nane. Jicho lilieleza kwamba alama mbili zimekatwa kwa kuwa hakuna binadamu anayejuta kikamilifu.

*

Wizara iliona isipoteze nafasi. Sherehe mbili zikaunganishwa kuwa moja: Mwalimu Skolastika avishwe utepe wa Mwalimu Kinara, na mwizi aliyeongoka asome insha yake mbele ya umma. Mahema yalisimamishwa uwanjani Bondeni Juu. Kishikwambi kilitolewa nje na kiti chake, kikawekwa safu ya mbele na chupa ya maji.

Ndugu Mkwiche alimvisha utepe, akazungumza dakika hamsini juu ya uaminifu, kisha akampisha Nyamizi.

Nyamizi alisoma vizuri, kwa sauti ya wazi, kama alivyofundishwa. "Nilichukua daftari la mtu aliyeniamini." Watu walitikisa vichwa kwa huzuni. "Mwanzoni mkono ulitetemeka." Wengine walimsonta kidole ili watoto wao wamwone. Mwalimu Skolastika aliyasikiliza maneno yake yakitoka katika kinywa cha mtoto wa miaka kumi na mmoja, na mtoto alikuwa anayabeba kwa uangalifu, asidondoshe hata moja. Nyamizi alipofika kwenye *nikajisifu kwamba nina adabu*, mwalimu alijikuta amesimama.

"Maneno hayo ni yangu," alisema. "Nyamizi hakuiga. Nilijaza mimi, majina yote sabini na mawili, kwa daftari lake."

Bwana Lusumbi alikitazama kiti. Ndugu Mkwiche akafikiri, na uso wake ukachanua.

"Mmeona wenyewe," alisema kwenye kipaza sauti. "Mwalimu anaibeba dhambi ya mwanafunzi wake. Huo ndio ukinara."

Makofi yakalipuka. Mwalimu alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na makofi yakaongezeka. Mara ya tatu kuna waliolia kwa kuguswa. Akamfuata Ndugu Mkwiche mpaka kwenye kishikwambi, akamsihi abadilishe jina la mtoto humo ndani. Ndugu Mkwiche, kwa kuwa alikuwa na roho nzuri, akafungua na kumwonyesha.

"Ona mwenyewe, mwalimu. Nafasi ni mbili. *Mwenye kosa* na *Aliyesamehewa.* Huyu ameshasamehewa. Unataka awe nani tena?"

"Asiye na kosa."

"Hiyo haipo. Wizara haikuona itamhusu nani." Akamfungia kishikwambi kwa upole, akaenda kwenye pilau.

Watu walipoelekea kwenye masufuria, mama mmoja alibaki amekaa kwenye majani. Hakuwa amepiga makofi hata mara moja. Mama Nyamizi alinyanyuka, akajikung'uta khanga, akaja akasimama mbele ya mwalimu na utepe wake.

"Siku ile kwako," alisema taratibu, "mwanangu alipopiga magoti, ulisema umemsamehe. Ulimsamehe nini?"

Mwalimu Skolastika alishusha macho kwenye magoti ya mtoto.

"Haya. Wamekupigia makofi hapa, hawakukusikia. Majumbani watasikia. Twende, milango yote naijua."

Waliondoka watatu, mama mbele, mtoto katikati, mwalimu nyuma. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Pendaeli, ambaye alikuwa amewahi kurudi kutoka uwanjani na sahani ya pilau. Mwalimu ndiye aliyepiga hodi.

"Karibu, karibu Mwalimu Kinara," alisema Mama Pendaeli, akavuta kigoda akakipangusa kwa upindo wa khanga. Ndipo akamwona Nyamizi. Hakusema neno baya, aliendelea kukaribisha na kutabasamu, lakini mkono wake ulikusanya madaftari ya mwanawe yaliyokuwa mkekani ukayasukuma chini ya mapaja yake. Alivyofanya bila kutazama, ilionekana amekwisha zoea. Nyamizi naye alirudi nyuma hatua mbili, mpaka nje ya kivuli cha paa, kama aliyezoea pia.

Mwalimu Skolastika aliona yote mawili, na hakukaa kwenye kigoda.

"Yarudishe madaftari mkekani, Mama Pendaeli. Mwizi ni mimi."

Mama Pendaeli alicheka, akidhani ni utani wa sherehe. Mwalimu akavua utepe, akapiga magoti kwenye kizingiti, akaanza kueleza tangu siku ya kwanza, polepole, mpaka kicheko kikaisha na madaftari yakatoka. Kisha wakaaga, maana zilikuwa zimebaki nyumba sabini.